Safu ya Maoni

Kila Jumanne ya pili ya mwezi
Thirza Postlethwaite huisukuma mashua ya bati
kwenye ziwa lililobanwa na milima ya Kambria,
huteremsha sahani, robo mbili nyeusi, mbili nyeupe,
huhesabu mafundo ya kamba kwa kidole gumba
mpaka macho yasalimu amri.
Kisha huandika: mita sita. Mita saba na nusu.
Baada ya mvua za Novemba: mbili, na tope.

Fomu ina safu ya mwisho, nyembamba kama utepe,
Maoni.
Miaka kumi na tisa ameijaza kwa neno moja,
safi,
au mawili, si safi,
kama anayekagua vyombo vya hotelini.

Leo, Februari, baridi imenyoosha kila kitu.
Hakuna upepo. Kondoo mmoja ng'ambo anakohoa
na kikohozi chake kinafika kizima.
Sahani inashuka. Mita tisa. Kumi.
Kumi na moja, anaiona. Kumi na mbili,
ndogo kama kidonge, anaiona,
kisha kamba inakwisha mkononi
na jicho bado lina safari.

Ndipo neno likamjia,
lile ambalo Bi. Maudsley, mwalimu wa Kiingereza,
alimwandikia pembeni mwa insha kwa wino mwekundu:
Jaribu hili, ni zuri kuliko lako.
Herufi nane, asili yake Kilatini,
L mbili katikati zimesimama kama nguzo za gati,
nuru ikipita baina yake.
Alikuwa na miaka kumi na minne. Hakulitumia kamwe.
Angelitumia wapi? Dukani? Msibani?

Akaliandika. Penseli ilitetemeka kidogo kwenye L ya pili.

Ofisini, Kendal, Garth Tranmer alisoma akakwama
palepale, kama ndege aliyegonga kioo.
"Hili lina maana gani?"
"Kitu kinachopitisha mwanga."
"Mbona lenyewe halipitishi?"
Hakuwa na kejeli. Ni mtu wa mabomba na klorini,
alitaka kujua kweli.
Akalizungushia duara, akamrudishia karatasi.

Usiku Thirza alikaa na lile duara
hadi chai ikafanya utando.
Akafikiri: kioo kikisuguliwa sana huua shomoro.
Akafikiri tena: lakini Tranmer hakuona nilichokiona,
na safi ni neno lililofuliwa likachujuka,
limebandikwa kwenye sabuni,
kwenye mlango wa choo cha kituo cha treni.
Zipo siku zinazostahili nguo ya kabatini.
Wapo pia watu wanaoivaa nguo ya kabatini
ili waonekane wao, si siku.

Yeye alikuwa yupi?
Hakupata jibu. Alichukua raba.

Neno halikufutika lote. P iliacha kivuli,
na juu ya kivuli hicho akaandika,
kwa mwandiko wake uleule wa kulalia kushoto:
Kamba iliisha. Sahani ilikuwa bado inaonekana.

Tranmer aliisoma Alhamisi. Akanyamaza,
akavuta kiti, akauliza kama mashuani
kuna nafasi ya mtu wa pili,
na kama stoo wana kamba ndefu zaidi.

Mwezi uliofuata ilinyesha siku kumi. Mita tatu.
Kamba mpya ilibaki imejikunja, kavu, haina kazi.
Walikaa wawili juu ya maji ya rangi ya chai,
Thirza akalitamka lile neno kwa sauti,
polepole, si kwa ajili ya fomu.
Ulimi uligusa ufizi, ukakawia, ukaachia.

"Rudia," Tranmer alisema,
akiwa ameinama, anatazama chini,
mahali ambapo hapakuonekana kitu.